Wali Tulioukataa Tamakan

Ng'ambo ya mto,
Siku ya tano baada ya mwezi mpevu, msimu wa mvua.

Kwako Dada Sandar Nwe,

Nakusalimu kwa upendo wa siku zote, nikitumaini kwamba barua hii itakukuta unapumua vizuri, mguu umepungua kuvimba, na watoto wote wawili wanakwenda shule bila kulazimishwa. Mimi ni mzima. Ile homa imeniacha, kikohozi kimebaki kidogo. Huku mvua inanyesha tangu asubuhi hadi jioni na paa letu la majani linavuja mahali pawili, lakini mahali pakavu pa kulala papo, na watu wa hapa wanatupa chakula kana kwamba sisi ni watoto wao.

Namsalimu pia shemeji yangu, Kanali Thet Paing. Namsalimu mapema hivi kwa sababu najua yeye ndiye atakayeifungua bahasha kabla yako. Shemeji, karibu. Soma taratibu, maana mwandiko wangu haukuwahi kuwa mzuri, na ukimaliza mpe mwenyewe.

Barua yako, Dada, ilinifikia ikiwa imelowa pembe moja, imeletwa na mtu ambaye jina lake sitaliandika. Niliisoma mara nne. Umeniita Kibonge. Tangu nilipovaa joho, miaka kumi na tisa sasa, hakuna aliyeniita hivyo, hata Mama. Wewe mwenyewe siku zote ulipiga magoti ukaniita Mheshimiwa, ingawa ni wewe uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Nilielewa kwamba safari hii umeandika kama dada mkubwa aliyekasirika, na niseme kweli, nilifurahi kidogo. Basi nami nakujibu kama mdogo wako.

Umesema Mama amefariki na hakuna mtawa hata mmoja wa Tamakan aliyekanyaga nyumbani kwako kupokea sadaka ya siku ya saba. Umesema roho yake inazunguka barazani kwako kama mtu aliyefungiwa nje, na aliyemfungia ni mimi. Umesema nikirudi nikaligeuza bakuli langu litazame juu, mbele ya watu, Kanali atamtoa Sayadaw gerezani siku hiyohiyo. Na mwisho umeandika kwa herufi kubwa kwamba dini haikutumwa kuingia kwenye siasa. Hayo ya mwisho, Dada, si maneno yako. Nayajua yametoka kinywani mwa nani, maana niliyasikia kabla hujayaandika.

Niyaeleze tangu mwanzo, kwa sababu wewe uliyaona ukiwa upande wa pili wa meza.

Unamfahamu Sayadaw U Wimala, mkuu wa monasteri yetu. Ana miaka sabini na minane, na sikio lake la kushoto halisikii. Mwezi ule wa joto kali, watu wa vijiji saba vya bonde la juu walipoambiwa wahame kwa sababu maji ya bwawa yatafunika nyumba zao, na umeme wa bwawa lenyewe utakwenda nchi jirani, walishuka na vyungu vyao, kuku wao na wazee wao migongoni, wakaja kukaa kwetu. Sayadaw akawafungulia ukumbi wa wageni. Ulipojaa, akawafungulia ukumbi wa mafundisho. Ulipojaa na huo, akatutoa sisi vyumbani tukalala chini ya miti. Kuna mtawa mmoja alinung'unika kwamba tutaonekana tunaipinga serikali. Sayadaw akamwuliza kama kuna kitabu chochote alichosoma kinachosema mtu mwenye njaa aulizwe kwanza anapinga nini.

Shemeji alikuja mara ya kwanza kwa adabu. Alivua viatu langoni, akasujudu mara tatu, akaleta mapangaboi na makopo ya maziwa. Nilikuwa nimekaa pale nyuma ya Sayadaw, kwa hiyo hili si la kusimuliwa. Akasema, "Sayadaw, hawa watu wanatumiwa. Dini ina kazi yake na serikali ina kazi yake. Tusichanganye."

Sayadaw akamgeuzia sikio zuri. "Na wiki iliyopita ni nani yule aliyekuwa anapaka dhahabu kwenye mnara wa hekalu, televisheni ikamwonyesha, halafu ikaonyesha hotuba yake?"

Shemeji akacheka. "Ile ilikuwa ibada, Sayadaw."

"Basi na hii ni ibada. Nawapa watu wali."

Nadhani shemeji anakumbuka, na anakumbuka pia kwamba alipoondoka hakusujudu.

Mara ya pili hakuja mwenyewe, alituma askari. Ilikuwa asubuhi, tumemaliza kula, tunaosha mabakuli kisimani. Waliingia ukumbini na mabuti yao miguuni. Wakamnyanyua Sayadaw kwa makwapa kama gunia, na mmoja akalivuta joho lake likachanika begani. Walikuwa wamemletea shati la mistari na suruali ili aondoke pale kama raia wa kawaida. Akakataa kuvaa. Wakamtoa kifua wazi, joho likining'inia kiunoni, mzee yule, na mbavu zake zote zikihesabika, mbele ya wanawake waliokuwa wanalia. Watu wa bondeni wakapakiwa kwenye malori. Mpaka leo hakuna anayejua wote wamepelekwa wapi.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua kumi kutoka pale, bakuli langu likidondosha maji. Sikufanya kitu. Weka hilo akilini, nitalirudia.

Siku kumi na moja baadaye tukasikia habari ya mfupa mtakatifu. Nchi ile kubwa ya jirani, inayojenga bwawa, ilikuwa inatuazima kipande cha mfupa wa Buddha, kije kwa ndege, kikae Tamakan siku tatu, watu wakiabudu. Huko kwao chama kinachotawala hakimwamini Mungu wala Buddha, lakini kinatujua sisi vizuri. Kinajua kwamba mkulima ambaye hawezi kushawishiwa kwa barabara wala kwa shule atatembea siku mbili kuja kuusujudia mfupa ule, na akiinua kichwa chake atamwona Kanali amesimama kando yake. Na zile nchi za mbali, zilizotoa matamko juu ya Sayadaw na kutuwekea vikwazo, zingejibiwa zote kwa picha moja tu: watawa mia mbili katika mstari, wanapokea chakula mkononi mwa majenerali. Nani angeuliza tena habari ya mzee aliyechaniwa joho? Mkataba wa bwawa ungetiwa saini siku hiyohiyo, chini ya mwavuli wa dhahabu uleule uliofunika mfupa.

Shemeji alituita wakuu wa monasteri zote za mji. Mimi niliitwa kwa kuwa nilikuwa nimeachiwa nafasi ya Sayadaw. Akatueleza kama anavyowaeleza askari wake. "Mnasimama, mnapokea, mnaondoka. Nusu saa. Hakuna anayewaomba mseme kitu." Mmoja wetu akauliza kama hiyo nayo si kuchanganya dini na siasa. Shemeji akasema hiyo ni heshima kwa taifa.

Sasa asubuhi yenyewe. Uliiona, lakini uliiona kwa mashaka na haya, kwa hiyo acha nikusimulie nilivyoiona mimi.

Uwanja wa mpira ulikuwa umefagiliwa hadi unang'aa. Tuliingia kwa mstari mmoja, miguu mitupu, mkubwa wa miaka ya utawa mbele na mdogo nyuma. Waliokuwa wakubwa kuliko mimi wengine walikuwa wamemfuata Sayadaw gerezani, wengine wagonjwa, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza. Meza zilikuwa tatu. Ya kwanza ya mjumbe wa nchi jirani, mtu mfupi mwenye uso wa upole. Ya pili ya shemeji. Ya tatu yako, na juu yake sufuria kubwa la wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Nyuma yako, kwenye kiti cha plastiki, alikaa Mama amejitanda shali yake ya kahawia ya siku za mfungo. Harufu ya wali ule niliipata kabla sijafika. Hakuna mtu Tamakan anayeweka kitunguu cha kukaanga kama Mama. Nilijua kabisa ni mkono wa nani.

Mjumbe akachota, akatabasamu kwa wapiga picha, akanyoosha upawa. Nikafunua kifuniko. Halafu nikaligeuza bakuli, mdomo ukatazama chini, nikalishika hivyo kwa mikono miwili. Nyuma yangu nikasikia vifuniko vikifunguka kimoja baada ya kingine hadi mwisho wa mstari, na sikuhitaji kugeuka. Upawa ukabaki hewani. Wali ukamwangukia mjumbe kwenye kiatu.

Mjumbe akamwinamia mkalimani wake, akauliza. Mkalimani, kijana wa watu, alikuwa anatoka jasho mpaka kola imebadilika rangi. Akamjibu kwa lugha yao. Baadaye niliambiwa na anayeijua lugha hiyo kwamba alisema, "Wanasema wameshiba."

Shemeji akanisogelea, midomo haichezi. "Geuza hilo bakuli, wewe mtoto."

Nina miaka thelathini na tisa. Nikasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa nje ya uzio waliisikia, kwamba kwa kuwa Kanali Thet Paing na waliomtuma wamewadhuru watawa na kumvua joho mzee asiye na kosa, watawa wa Tamakan wamekutana, wameulizana mara tatu na wamekubaliana: hatutapokea chakula chake, hatutaingia nyumbani kwake, hatutamsomea mgonjwa wake wala maiti wake, mpaka atakapokuja mwenyewe kuomba radhi. Kisha tukageuka tukaondoka. Askari wa langoni hawakujua watuzuie au watupishe. Mmoja aliweka bunduki chini, akapiga magoti kwenye vumbi. Natumaini hajaumia kwa ajili hiyo.

Kabla ya saa sita mchana picha ilikuwa imefika kila mahali penye simu. Siku ya pili mfupa ukarudishwa kwao. Redio ikasema kutiwa saini kwa mkataba kumeahirishwa kwa sababu ya hali mbaya ya hewa. Wewe unajua anga lilikuwaje siku ile. Hata wingu la kujifichia jua halikuwepo.

Shemeji amekutumia neno siasa. Sheria hii ya bakuli haikutungwa na mimi wala na chama chochote. Ni ya zamani kuliko jeshi lake, kuliko mipaka ya nchi hii na ya jirani. Sisi hatuna bunduki, hatuna kura, hatuna hata mali ya kugoma nayo. Tunacho kitu kimoja: tukipokea chakula cha mtu, anapata thawabu. Tunaweza kupokea na tunaweza kutopokea, basi. Kama kitu kidogo hivi kinaweza kuahirisha mkataba wa mataifa mawili, kosa si letu. Ni wao waliokuja kutafuta thawabu kwetu wakiwa na kalamu mfukoni.

Baada ya hapo unajua. Walizingira monasteri, wakakamata sitini na wawili. Mimi nilitoka kwa njia ambayo sitaieleza, nikatembea, nikavuka. Na nyumba za maofisa zikaanza kuhisi uzito wa bakuli. Nimesikia juu ya mke wa sajini aliyezunguka mji mzima na sinia la chakula kichwani, mtoto wake amekufa, hakuna aliyefunua bakuli. Hilo lilinitoa machozi, Dada, na sitajifanya halikunitoa. Nikatuma ujumbe kwamba walio wadogo, wasioamuru chochote, wapokelewe. Wakapokelewa. Bakuli limepinduliwa kwa waliotoa amri.

Sasa Mama. Nimesikia jinsi ilivyokuwa. Nimesikia kwamba siku ya saba shemeji alileta watawa saba kwa lori la jeshi, vichwa vimenyolewa siku hiyohiyo hata ngozi ilikuwa bado nyeupe. Nimesikia mmoja alikuwa na saa mkononi. Nimesikia kwamba sala ya kugawa thawabu ilipofika katikati waliishiwa maneno, wakawa wanatazamana, na wewe ndiye uliyeimalizia ukiwa umepiga magoti sakafuni, kwa sababu Mama alikufundisha ungali mdogo. Nilipoambiwa hayo nilikaa nje kwenye mvua muda mrefu. Sikumwonea huruma shemeji. Nilikuonea wewe.

Na juu ya Sayadaw, kwamba nikirudi atatoka. Ujumbe huohuo alipelekewa yeye gerezani kabla yangu. Waliomletea walidhani mzee atalia kwa furaha. Aliwauliza kama watu wa vijiji saba nao wanatoka. Wakasema hilo halimo. Akasema basi wasimsumbue, ndiyo kwanza amezoea kitanda. Bado anavaa lile joho lililochanika. Amelishona mwenyewe, kwa uzi wa gunia.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana. Shemeji, hili lisome mara mbili. Sirudi, na bakuli haligeuki kwa barua. Njia ya kuligeuza unaijua, ulifundishwa utotoni kama sisi sote. Mtoe Sayadaw. Sema watu wa bondeni wako wapi na uwarudishe wote walio hai, na uonyeshe makaburi ya waliokufa. Halafu njoo mwenyewe, bila bunduki na bila kamera, upige magoti mbele ya watawa useme umekosa. Siku hiyo nitavuka mto nije nikupokelee wali kwa mikono yangu, na nitaula wote. Pungufu ya hapo, hata ulete mifupa mitakatifu ya dunia nzima kwa helikopta, utakula peke yako.

Dada, sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya nichelewe kuandika. Nilikuwa nimekula kiapo cha kulinyamazia muda wote Mama akiwa hai. Sasa amekwenda mahali ambapo hakuna kanali anayeweza kumwita ofisini, kwa hiyo nalisema, na shemeji alisikie pia.

Huku ng'ambo watu wananiita shujaa. Wamechora picha yangu ukutani, nimeshika bakuli, bega langu limechorwa pana kuliko nililo nalo. Wanakosea. Siku tatu kabla ya sherehe ile, nilitia saini. Shemeji aliniita peke yangu, akaniwekea karatasi inayosema watawa wa monasteri yetu watapokea sadaka kwa moyo mweupe, na kwamba habari ya Sayadaw ni suala la kisheria lisilotuhusu. Alinionyesha na orodha ya watawa vijana ambao wangekamatwa nikikataa. Nilimwona bado mbele ya macho yangu yule mzee akibebwa kwa makwapa. Nikatia saini. Nikarudi nikawaambia wenzangu kwamba busara ni kunyamaza kwa sasa. Shemeji hakuwahi kuitangaza karatasi hiyo, kwa sababu baada ya yaliyotokea ingemwonyesha jinsi alivyodanganywa na mtoto. Lakini anayo. Mwombe akuonyeshe.

Siku moja kabla ya sherehe, alasiri, Mama alikuja monasteri na kapu la ndimu. Alisujudu mara tatu kama kawaida yake. Akaniuliza kama ni kweli kesho tutapokea. Nikamwambia ni kweli, na nikaanza kumweleza juu ya subira, na juu ya dini kukaa mbali na mambo ya dunia. Nilikuwa naongea vizuri, Dada. Maneno yalikuwa yanatoka kama ya shemeji.

Mama alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasimama. Unajua kwamba tangu nivae joho hakuwahi kusimama mbele yangu nikiwa nimekaa. Akasimama, akajifunga shali kiunoni kama anavyofanya akitaka kuua nyoka.

Akasema, "Jana Thet Paing alikuwa barazani anaongea na wakubwa zake kwa simu. Wanadhani mimi mzee sisikii. Amewaambia, msiwe na wasiwasi na watawa, hao ni matumbo tu, weka wali watakuja. Akacheka. Na mimi nilikuwa ndani nakaanga vitunguu vya huo wali."

Nikashika ndimu moja ya kapuni, nikairudisha.

Akasema, "Nilikutoa nikakukabidhi kwa dini ukiwa na miaka ishirini. Nilimpa Buddha mwanangu, sikuwapa wanajeshi. Kesho nitakaa pale nyuma ya Sandar. Ukinipokelea ule wali, usiniite tena mama."

Nilimwambia watawakamata vijana. Akasema vijana aliwakuta jikoni, amewauliza, wako tayari, wananisubiri mimi. Nilikuwa mtu wa mwisho kujua kwamba monasteri yangu imeshaamua. Jioni ileile, jua halijazama, tukakutana ukumbini, monasteri nyingine za mji zikiwa zimetuma watu wao, tukaulizana mara tatu kama sheria inavyotaka. Hakuna aliyepinga. Kwa hiyo bakuli uliloniona nikiligeuza, Dada, aliligeuza Mama. Mimi nililishika tu.

Kabla hajaondoka alipiga magoti tena, akanirudishia heshima yangu, akaniambia la mwisho. Alisema yeye ni mgonjwa na atafia nyumbani kwako, kwa kuwa wewe ni binti yake na hana kwingine. Akasema, "Nikifa mle ndani, usije. Wala usimruhusu mwingine aje. Usiwape hata maiti yangu ya kugeuzia bakuli." Nikamwuliza, na sadaka yako je? Akasema ameshapanga.

Alikuwa amepanga kweli. Alikuwa ametenga mchele wa shamba letu la Inngu, alilolilima tangu kabla hujaolewa, mchele usiopita ghala la Kanali wala mkono wa askari wake. Akampa mtu ninayemwamini, na mtu huyo akauleta hadi huku. Siku ya saba, saa ulipokuwa unamalizia sala kwa wale waliokodiwa, sisi tulikuwa kumi na mmoja chini ya paa hili linalovuja. Wali wa Mama ulipikwa kwa nazi na vitunguu. Nilifunua bakuli nikaupokea. Tuliisoma sala yote, hakuna aliyesahau neno. Nikataja jina lake, Daw Hla Yin, na nikataja walioshiriki thawabu, na jina lako lilikuwa la kwanza. Mama hazunguki barazani kwako. Amekwenda, na amekwenda ameshiba.

Umekaa upande ule wa meza kwa sababu ndiko ulikoolewa, na sikulaumu. Lakini bakuli halijapinduliwa kwa jina lako. Siku utakapopika chungu kimoja kwa mchele wako mwenyewe na kuubeba mwenyewe hadi mlango wa monasteri yoyote, Kanali akiwa anatazama, atatokea mtu wa kukupokelea. Nimeshawaambia. Mama alisema utachelewa, lakini utakuja.

Nisalimie watoto; waambie mjomba wao anajua sasa kuogelea. Wasalimie majirani wanaothubutu kupokea salamu zangu. Jikande mguu kwa maji ya chumvi ya moto kila jioni wala usisimame sana. Na wewe shemeji, uliyesoma mpaka hapa, nakutakia afya njema na umri mrefu, ili upate muda wa kutosha kuja kupiga magoti.

Ni mimi mdogo wako,
U Nandiya
ambaye wewe peke yako unaruhusiwa kumwita Kibonge.